Sheshe Mwenye Pembe Iliyopinda

Mgeni yule alipiga hodi Jumamosi asubuhi, wakati Violeth amekaa kibarazani na ungo mapajani akichambua mchele. Kazi hiyo ilikuwa yake kila Jumamosi: kutoa chuya, kutoa vijiwe, kutenga punje zilizovunjika, kisha kumimina mchele safi kwenye beseni la mama. Akimaliza mabeseni matatu aliruhusiwa kwenda shuleni kwenye mazoezi ya mpira wa pete. Alikuwa darasa la sita, na ndiye mfungaji wa timu.

"Hodi hapa!"

"Karibu. Shikamoo."

"Marahaba, binti. Hapa ndipo panapotoka mchele wa Sheshe?"

Alikuwa mtu mrefu, mwenye shati jeupe lililoshika vumbi mabegani na mkoba mweusi alioubana kwapani. Hakuwa mtu wa Ifakara. Wanunuzi wa Ifakara huchota mchele kiganjani, wakaunusa, wakatafuna punje mbili tatu, ndipo wakaanza kubishana bei. Huyu hakuugusa mchele hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja kwenye viroba vilivyoegemezwa ukutani, akachuchumaa, akaitazama alama.

Alama hiyo ilikuwa kichwa cha sheshe, yule swala wa bonde la Kilombero, kilichopigwa kwa rangi nyeusi. Pembe moja ilikuwa imenyooka, ya pili imepinda nchani. Babu Hilary, baba yake mama, ndiye aliyechonga muhuri huo kwenye kipande cha mninga mwaka 1988. Kisu kilimteleza, pembe ikapinda, naye akasema iachwe hivyo hivyo. Sasa ulikuwa mwaka 1996. Babu alikwisha kufariki, lakini watu waliopita na treni walikuwa bado wanaulizia mchele wa Sheshe.

Mgeni alitoa daftari dogo na kalamu, akaanza kuichora ile alama. Alichora hata pembe iliyopinda.

Violeth alikumbuka maneno ya Mjomba Wendelin, jirani yao mwenye ghala la mchele karibu na mashine ya kukoboa. Wiki mbili zilizopita alimwambia, "Angalieni sana watu wa mjini. Wanakuja na mikoba, wanachora alama za watu, wanakwenda kuziandikisha kwa majina yao. Siku mkishtuka, mali si yenu tena."

"Mwenye alama hii ni nani?" mgeni aliuliza bila kuinua macho.

Mama alikuwa mashineni, mwendo wa dakika tano tu.

"Hayupo. Alihamia kijiji cha Mbingu."

"Mbingu? Mbali hivyo?"

"Ndiyo. Ukifika huko, uliza tu."

Mgeni alimtazama kwa muda, akafunga daftari. "Ahsante, binti," alisema, akaondoka kuelekea kituo cha magari.

* * *

Mama Violeth, ambaye jina lake ni Balbina, alirudi mchana akiwa amekunja uso. Hata hakukaa chini.

"Merina amenisema mbele ya watu," alisema. Merina alikuwa mama lishe wa pale stesheni. "Ati mchele wangu una mawe, unanuka uvundo. Mteja wake mmoja amevunjika jino! Nimemwambia mimi sijamuuzia mchele wiki hii. Akaniambia, 'Balbina, alama ni yako, usinifanye kipofu.'"

"Labda kuna mtu amechonga muhuri kama wetu," alisema Violeth.

Mama aligeuka ghafla. "Nani amekuambia hivyo?"

Violeth akaeleza habari za mgeni na daftari lake. Hakueleza habari za Mbingu.

Tangu saa hiyo nyumba ilijaa mashaka. Mama aliutoa muhuri wa Babu kabatini, akauweka chini ya mto wake. Kijana wa kupakia viroba alipochelewa Jumapili, mama alimuuliza alikuwa wapi na alikuwa na nani. Mteja alipogeuza kiroba ili aone uzito, mama alimwuliza, "Unatazama nini, baba?" Hata mbuzi wa jirani aliposimama mbele ya viroba, Violeth alimfukuza kwa hasira. Baba yake, Lukelo, alikuwa kazini kwenye mashamba ya miwa Kidatu, na angerudi mwisho wa mwezi. Hakukuwa na mtu wa kumwuliza.

Jumatatu, baada ya masomo, mama alimchukua Violeth wakaenda kwa Bi Ursula, afisa biashara. Bi Ursula alikuwa mama mnene mwenye miwani, ofisi yake imejaa mafaili mpaka dirishani.

"Kwanza nikuulize, Mama Violeth," alisema baada ya kusikiliza. "Mteja akifika sokoni akakuta viroba hamsini, anajuaje kipi ni chako?"

"Anaona sheshe."

"Basi. Hawezi kupika kila kiroba ili ajue. Anatazama alama, anakumbuka wali aliokula mwezi jana, anatoa pesa. Alama ya biashara ni neno lako kwa mtu ambaye hujawahi kumwona."

"Basi naomba niandikishiwe 'Mchele wa Ifakara' pia, majina yote mawili yawe yangu."

Bi Ursula alicheka mpaka miwani ikashuka. "Mama wee! Ifakara ni yetu sote. Nikikupa jina hilo peke yako, wenzako wauze mchele wa wapi? Alama inayosajiliwa ni ile inayokutofautisha na wengine. Kichwa hicho chenye pembe iliyopinda, pamoja na jina Sheshe, hicho kinaweza kuwa chako."

Akatoa fomu, akaiweka mezani. "Unajaza jina lako, unabandika picha ya alama, unataja bidhaa unayouza. Inakwenda kwa Msajili wa Alama, Dar es Salaam, pamoja na ada yake. Wao wanatafuta katika daftari lao kama kuna mwingine mwenye alama inayofanana na yako. Asipokuwepo, wanaitangaza kwenye jarida lao, ili mwenye pingamizi aseme. Muda ukipita kimya, unapewa cheti. Tangu hapo, anayeitumia bila ruhusa yako ana kesi."

"Na akitangulia mwingine kuipeleka?"

"Itakubidi kuweka pingamizi na kuthibitisha kwamba wewe ndiye uliyeanza kuitumia. Una karatasi gani? Risiti? Barua?"

Mama alitazama mikono yake. Yeye na Babu waliuza kwa maneno na kuaminiana. Hawakuwahi kutunza karatasi.

Bi Ursula akavua miwani. "Nakwambia kwa sababu nina wasiwasi. Wiki iliyopita sikuwepo, karani wangu akampa mtu fomu. Mtu huyo alisema alama yake ni kichwa cha swala."

"Mtu gani?" mama alisimama.

"Karani hakumwuliza jina."

Njiani kurudi nyumbani mama alitangulia kwa haraka. Violeth alihesabu moyoni: wiki iliyopita fomu, Jumamosi daftari. Ni yule mtu! Akajisifu kimya kimya kwamba alimpeleka Mbingu.

* * *

Walimkuta mgeni amekaa kwenye kibaraza chao. Shati halikuwa jeupe tena. Vumbi lilikuwa limemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Ndiye huyo, mama!" Violeth alinong'ona.

Mama hakungoja salamu. "Umekuja kuchora tena? Au umekuja kuuchukua na muhuri kabisa?"

Mgeni alisimama taratibu. "Shikamoo, mama. Naitwa Elineema. Ni mtunza stoo wa shule moja ya bweni Dar es Salaam. Juzi binti huyu aliniambia mwenye alama amehamia Mbingu. Nimefika Mbingu, nikaambiwa labda Mchombe. Mchombe wakanicheka. Jana sikupata gari, nimelala usiku wa pili kwenye benchi."

Mama alimgeukia Violeth. Violeth alitamani angalau angemfokea.

Elineema alifungua mkoba wake, akatoa kiroba kitupu kilichokunjwa, akakitandaza sakafuni. "Shule yetu imenunua mchele wa Sheshe tangu enzi za Mzee Hilary. Mwezi huu mfanyabiashara mmoja alituletea viroba kumi na viwili, akasema ametumwa na nyinyi. Watoto mia tatu hawakuweza kula. Mkuu wa shule anataka tuache kabisa kununua kwenu. Nikamwomba niende kwanza kwa wenyewe, niulize. Ndiyo maana juzi niliichora alama yenu, niilinganishe na hii."

"Huo si muhuri wetu," alisema mama. "Wamechonga mwingine." Alipiga magoti, akakaribia. Akapitisha kidole kwenye pembe iliyopinda, akaduwaa. "Yesu wangu. Ni wetu."

Violeth naye alitazama. Pembeni mwa shingo ya sheshe palikuwa na doa jeusi, mviringo, lenye mistari myembamba. Lilikuwa alama ya dole gumba. Alilijua doa hilo. Mwezi wa Pasaka mama alimruhusu kupiga muhuri kwa mara ya kwanza, naye akakishika kiroba kabla rangi haijakauka. Mama alimcheka siku hiyo, akasema, "Sasa hiki kina sahihi mbili."

Kiroba hicho kiliuzwa kwa Merina. Kilipokuwa kitupu, Violeth mwenyewe alikwenda kukichukua.

"Kumbe ni vijana wangu wa kupakia!" mama alisema kwa uchungu. "Wameniibia viroba. Nitamfukuza yule wa Jumapili leo leo!"

"Mama, si yeye."

"Wewe unajuaje?"

Violeth aliweka dole gumba lake juu ya lile doa. "Ni mimi. Nilimpa Mjomba Wendelin."

Ukweli ulitoka vipande vipande. Ifakara kiroba kitupu hakina mwenyewe. Watu hukianikia mpunga, hukifunikia kuku, hukibebea mkaa. Wendelin alipomwomba amkusanyie viroba vya Sheshe kutoka kwa wateja, Violeth hakuona ubaya. Alimpelekea ishirini. Naye akampa mkebe wa vifaa vya hisabati, wenye bikari na pembetatu za plastiki. Mama alipouliza mkebe umetoka wapi, Violeth alisema amepewa zawadi na mwalimu.

"Kama hukuona ubaya," mama aliuliza polepole, "kwa nini ulinidanganya?"

Violeth alijifunika uso kwa mikono. Elineema alikikunja kiroba, akatazama pembeni ili asimwone akilia.

* * *

Kesho yake, baada ya masomo, waliingia ghalani kwa Wendelin wakiwa wanne, Bi Ursula akiwa mbele. Pale ukutani vilipangwa viroba sita vya Sheshe, midomo yake imeshonwa kwa nailoni ya bluu. Mama alishona vyake kwa uzi mwekundu siku zote.

"Karibuni, karibuni," alisema Wendelin, macho yakimcheza. "Hata ofisi imekuja kununua mchele?"

"Ndiye aliyetuletea mchele shuleni," alisema Elineema.

"Hivi viroba ni vya nani?" aliuliza Bi Ursula.

"Vyangu. Vilikuwa vitupu, nikavijaza. Toka lini kujaza gunia kuu kuu ikawa kosa? Hapa mjini nani hafanyi hivyo? Hata chumvi ya duka la pale inauzwa kwenye gunia la sukari!"

"Anayeuza chumvi hasemi ni sukari. Gunia ni lako, sawa. Sheshe aliye juu yake si wako. Na fomu uliyoichukua ofisini kwangu iko wapi? Karani amekuona ukipita asubuhi, amekutambua."

Wendelin alicheka kicheko kikavu. "Sasa hata fomu ni dhambi? Alama haijasajiliwa na mtu yeyote. Huyu mama ana karatasi gani inayoonyesha ni yake? Aitoe hapa!"

Mama aliinamisha kichwa. Hapo Elineema akafungua mkoba wake mweusi, ule ambao Violeth aliuogopa tangu siku ya kwanza. Alitoa rundo la hati zilizofungwa kwa kamba.

"Hizi ni hati za kupokelea mchele, za shule yetu," alisema. "Ya kwanza ni ya mwaka 1989. Mzee Hilary hakupenda kuandika. Kila alipoleta mchele, mahali pa sahihi aligonga muhuri wake."

Akazipanga moja moja juu ya kiroba. Miaka saba ya sheshe, wote wenye pembe iliyopinda. Mama aliigusa hati ya kwanza kwa ncha ya kidole, kama mtu anayemgusa aliyelala.

Wendelin hakucheka tena. Aliitoa fomu kwenye droo, ikiwa imejazwa nusu. Bi Ursula alimwandikia afike ofisini, aandikiane na shule jinsi ya kurudisha mchele mzuri mahali pa ule mbovu. "Na kuanzia leo uza mchele wako kwa jina lako mwenyewe," alimwambia. "Ukiwa mzuri, jina lako litapendwa. Ukiwa mbaya, usimsingizie sheshe."

Violeth aliuweka mkebe mezani kwa Wendelin.

Nje, Elineema alimwambia mama, "Ninanunua mpunga huku mpaka treni ya Jumamosi mchana. Ukijaza fomu, nitaipeleka mwenyewe kwa Msajili pamoja na hati hizi. Na nitamwomba mkuu anunue tena kwenu. Ila ataniuliza kama kuna viroba vingine vya namna hii vinavyozunguka. Nimjibu nini?"

"Nilimpa ishirini tu, na alama zake zote zitakatwa," alisema Violeth kabla mama hajafungua kinywa. "Kumi na viwili unavyo wewe shuleni. Sita viko humu. Kimoja anacho Merina, nitakichukua leo. Kimoja Mjomba Wendelin amesema alimwuzia Mama Eufrasia, muuza samaki wa Kivukoni. Nitakuletea alama yake kabla ya treni. Naahidi."

Elineema alimtazama kama alivyomtazama siku ile ya Mbingu. "Sawa, binti. Nitangoja."

* * *

Alhamisi, baada ya masomo, Violeth alikwenda Kivukoni kwa baiskeli ya mama. Mama Eufrasia hakuwepo. Alikuwa amevuka kwenda upande wa Mahenge, na angerudi na pantoni Jumamosi saa nne asubuhi.

Jumamosi saa nne asubuhi ilikuwa saa ya fainali ya mpira wa pete. Timu ya Mchombe ingekuja Ifakara. Violeth alikuwa ameingoja siku hiyo tangu Januari.

"Wewe una wazimu?" alisema Oliva, rafiki yake na mwenzake kwenye timu. "Kwenu kuna viroba vya sheshe vimejaa. Kata kipande cha chochote, mpe. Alama si ile ile? Nani atajua?"

Violeth alifikiri usiku mzima. Alama ilikuwa ile ile kweli. Hakuna ambaye angejua.

Jumamosi asubuhi aliipeleka jezi yake shuleni, akampa Oliva acheze mahali pake. Wasichana wa Mchombe walikuwa wanashuka kwenye lori wakiimba. "Mfungaji wenu anakimbia!" mmoja alipiga kelele, na wenzake wakaangua kicheko. Violeth alipanda baiskeli, akakanyaga kwa nguvu ili asisikie filimbi.

Pantoni ilichelewa. Mama Eufrasia aliposhuka alikuwa na beseni la samaki wakavu kichwani, limefunikwa kwa kiroba. Sheshe alikuwa juu yake, amejaa magamba na harufu.

"Kiroba hiki nikupe wewe, mimi nifunike kwa nini?" alifoka. "Na mchele wake ulinitia hasara, mbaya kweli kweli!"

"Ndiyo maana nimekuja, mama. Samahani. Nimekuletea kiroba kipya, kisicho na alama. Na mama yangu amekutumia mchele huu, wa kwetu wa kweli."

Mama Eufrasia alichota mchele kiganjani, akaunusa, akatafuna punje mbili. Uso ukalainika. "Haya. Kata."

Alifika stesheni akiwa ametota jasho. Treni ilikuwa imekwisha kuingia. Mama, Bi Ursula na Elineema walisimama karibu na behewa. Oliva naye alikuwepo, bado amevaa jezi.

"Tumefungwa," alisema Oliva. "Saba kwa tisa."

Violeth aliuma mdomo, kisha akafungua mfuko, akatoa kipande cha kiroba. Harufu ya samaki ikawafikia wote. Elineema alikipokea kwa mikono miwili.

"Ishirini," alisema. Akakiweka ndani ya bahasha, juu ya fomu ya mama.

Bi Ursula alivua miwani, akaifuta kwa khanga. "Sikilizeni, watoto. Cheti kitachukua miezi. Msajili ataandika kwamba alama hii ni ya Balbina, na hakuna atakayeweza kuichukua. Lakini Msajili hawezi kukaa kibarazani kwenu kuchambua mchele. Sheria inalinda alama. Kinachoipa thamani ni watu wa nyumba ile kusema kweli hata pale ambapo hakuna anayewatazama. Usajili ukija bila hilo, mtakuwa mmesajili picha ya swala tu."

Mama alimvuta Violeth kwapani, pamoja na harufu yake yote ya samaki. Treni ilipiga honi. Elineema alipanda, mkoba mweusi kwapani, akageuka mlangoni.

"Mkuu akiniuliza," alisema, "nitamwambia viroba vile havipo tena."